Siku Adriano Alipochelewa Butihinda

Adriano, mkulima wa Bugendana nchini Burundi, alikuwa hajaonana na mdogo wake Gervasi kwa miaka kumi na mmoja. Waliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, Adriano alilishika peke yake shamba la marehemu baba yao, kwa kuwa ndiye mkubwa. Gervasi hakugombana naye. Alifunga mizigo akahamia Butihinda, kwa wakwe zake.

Julai hii Gervasi akapiga simu. "Kaka, Jumamosi narudi Tanzania na familia, kuhamia kabisa. Njoo tuagane. Nitakungoja mpaka saa nane mchana."

Adriano akakodi teksi ya Hamadi pale Gitega, wakaondoka asubuhi na mapema. Lakini kadiri walivyosogea ndivyo alivyozidi kujiuliza: Atamwambia nini? Walipofika Karuzi akataka mishikaki, akaitafuna taratibu kama mtu asiye na safari. Mbele zaidi akaomba wakate kona waingie mbuga ya Ruvubu.

"Papa Adriano, si ndugu yako iko anangoja?" Hamadi akauliza.

"Tutafika tu. Tulipita humu tukikimbia vita. Nataka nipaone."

Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote. Nyati watatu walisimama vumbini wakiwatazama. Adriano akashuka mtoni, mahali alipomvusha Gervasi mgongoni, wakati huo mtoto wa miaka sita. Alikaa pale zaidi ya saa nzima. Simu haikuwa na mtandao.

Walifika Butihinda saa kumi. Nyumba ya Gervasi ilikuwa imefungwa. Jirani, mama mmoja aitwaye Martha, akawatokea.

"Wewe ndiye kaka yake? Amekungoja mpaka saa tisa. Kila gari likipita anatoka barabarani. Chakula chako alikifunika, mwishowe akawapa wanangu."

Wakakimbiza gari hadi mpakani Kobero. Mpagazi mmoja akawaambia familia hiyo ilikwisha kuvuka. Adriano hakuwa na karatasi za kuvukia, na namba ya Gervasi haikupatikana.

"Tungeenda direct, tungemukuta," Hamadi akasema polepole.

"Najua. Niliogopa kumwona."

Septemba Gervasi alipiga kwa namba mpya. Waliongea habari za mvua na watoto. Adriano alikuwa amejiandaa wiki nyingi kuomba msamaha kwa ajili ya lile shamba. Ilipofika zamu yake akasema, "Haya, Mungu awatunze," na Gervasi akaitikia, akakata simu.