Nyumba Waliyoomba, Vyerehani Walivyoletewa

Ipo siku moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, nami nakusimulia leo kwa sababu jana umeniudhi kwenye simu. Usinune. Soma mpaka mwisho, ukitaka kununa utanuna baadaye.

Nilikuwa mwari, sijaolewa bado, hapa hapa Utende, kisiwani Mafia. Vita vya Msumbiji vya zama zile vilikuwa vimewatawanya watu, na wavuvi waliotoka kusini wakaja na mwanamke mmoja na watoto wake wawili. Wakamshusha pwani, wakamwacha kwenye baraza ya mwenyekiti, wakaenda zao dagoni, kwenye kambi yao ya uvuvi. Wazee wa kijiji wakakusanyika. Wakamuuliza ametoka wapi, mumewe nani, yuko wapi, kwa nini amekuja huku badala ya kubaki Mtwara na wenzake, na ana karatasi gani mkononi. Akimaliza kumjibu huyu, anaanza yule na swali lile lile. Mimi nimesimama na ndoo yangu ya maji, natazama. Mwanamke anajibu kwa sauti ndogo, kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kwao, ambayo nusu tunaielewa na nusu tunabahatisha.

Akatokea bibi yangu Bi Kidawa, aliyemzaa mama yangu. Alikuwa anatoka kusuka ukili wa mkeka, na miyaa bado iko mkononi. Akasikiliza kidogo, kisha akawaambia wale wazee, "Mmemuuliza yote yanayowahusu nyinyi. Linalomhusu yeye bado." Akamgeukia mgeni. "Mwanangu, unataka nini?"

Mwanamke akawavuta watoto wake karibu. Kisha akasema, "Nataka chumba chenye komeo kwa ndani."

Hakuomba chakula wala nguo. Siku ile sikuelewa; nilikuja kuelewa nilipokuwa na mabinti zangu mwenyewe. Bibi akamchukua, akamhamishia babu ukumbini, na fundi akaitwa kutia komeo. Babu alilalamika wiki nzima, lakini alihama.

Sasa wewe. Umesoma, Mungu amekujaalia, umepata kazi kwenye shirika linalogawa fedha kwa vikundi vya kina mama waliokimbia vita. Nilifurahi, nikapika pilau nikawagawia majirani. Halafu jana unaniambia, "Mama Mkubwa, mwezi ujao tunakuja Mafia. Tunawaletea kina mama mradi mzuri sana." Nikakuuliza kama wenyewe wamesema wanataka mradi gani. Ukanijibu kwamba mradi umeshaandikwa. Nikakata simu. Ulidhani mtandao umesumbua. Mtandao ulikuwa mzima.

Zaituni unamfahamu, yule jirani yangu aliyekuwa akikusuka nywele ulipokuwa mdogo. Miaka ya karibuni vita vilipozuka tena kule kaskazini mwa Msumbiji na watu wenye silaha wakaanza kuchoma vijiji, wanawake walianza kuja tena. Hawakuja kwa wingi. Walikuja mmoja mmoja, wawili wawili, kila mmoja akiwa na ndugu dagoni au kule kisiwani Bwejuu. Zaituni alikuwa na kikundi chake cha kina mama, kinakodisha sufuria kubwa na mikeka kwenye harusi na hitima. Kwa pato hilo hilo wakapanga nyumba ya vyumba vitatu karibu na shule, wakawaweka wageni. Mwenye kuumwa, Zaituni anampeleka hospitali Kilindoni. Asiyeweza kusema yaliyompata, Zaituni anakaa naye, wanachambua mchele, mpaka siku atakayosema. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa hata kipande cha sabuni.

Katika wageni hao alikuwemo Mwanacha, na binti yake Atija, wa miaka kumi na mitano, pamoja na wadogo zake Atija. Yeye na mumewe walipotezana njiani wakati wa kukimbia na mpaka leo hajui kama yu hai. Miezi ya mwanzo pikipiki ikipita barabarani Mwanacha alikuwa anamvuta Atija ndani na kufunga mlango. Watoto wa jirani walikuwa wakimcheka, tukawakemea, wakaacha. Taratibu akaanza kutoka. Atija akaandikishwa shule, baada ya Zaituni kwenda kwa mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu akachoka kumwona.

Ndipo wakaja wafadhili. Walimtanguliza afisa wao, Gervas, kijana mstaarabu, anaamkia kila mtu. Alikaa nasi mkekani, akamsikiliza Zaituni vizuri. Zaituni akamwambia, "Tunataka kodi ya nyumba ya mwaka mmoja, na nauli za hospitali. Mengine tunayaweza wenyewe." Gervas akaandika. Tukamshukuru, tukampa na madafu.

Kikundi hakikupewa fedha mkononi. Walisema hakina hesabu zilizokaguliwa za miaka ya nyuma, kwa hiyo fedha zipitie kwenye shirika kubwa lililoko Dar es Salaam. Shirika lile nalo lina ofisi yake, magari yake na watu wake wa kulipwa, wala siwalaumu kwa kulipwa. Lakini kilichovuka maji kikafika Utende kilikuwa vyerehani, na semina ya ujasiriamali. Utende ina mafundi wawili wa kushona, mwanangu, na wote wawili wanalalamika hawana wateja. Semina ilifanyika hotelini, kwenye ukumbi wa baridi kali, na Mwanacha, aliyekuwa na duka la vitambaa kwao kabla halijachomwa moto, akafundishwa maana ya faida. Alirudi na fulana yenye maandishi mgongoni. Akaigeuza kitambaa cha kudekia.

Sisemi kwamba wafadhili peke yao ndio walionichosha. Habari ziliposambaa kwamba kikundi kimepata fedha, walijitokeza wanawake ambao hatujawahi kuwaona hata kwenye kuosha sufuria, wanataka kuandikishwa. Wale wa zamani nao wakaanza kumuuliza Zaituni fedha ziko wapi. Akawaambia hajaziona. Wakasema amezila. Watu aliokuwa anabeba nao mikeka kichwani wakawa hawaitikii salamu yake, na nusu ya kikundi ikajitoa. Niliwaambia ukweli wao, nao wakaninunia mpaka mimi. Wamezoea kuninunia.

Katikati ya vurugu hizo, mwenye nyumba, anayeishi Dar, akaleta salamu. Anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo, la sivyo nyumba atawapa wafanyakazi wa hoteli. Ramadhani ilikuwa inaingia, harusi hakuna, sufuria zimekaa bure. Zaituni akampigia Gervas, akaweka simu sauti ya juu ili nisikie.

"Gervas mwanangu, ile semina ya pili msiilete. Fedha zake tulipieni kodi."

"Nakuelewa, mama. Lakini fungu lile ni la mafunzo. Kulihamisha lazima waidhinishe waliolitoa."

"Waulize basi."

"Nitawauliza. Inaweza kuchukua miezi mitatu."

"Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu."

Gervas akasema, "Pole, mama."

Aliisema kwa moyo, nilisikia. Lakini wageni wetu wasingeweza kuhamia ndani ya pole yake.

Siku chache baadaye Mwanacha akaja kwa Zaituni. Nilikuwepo. Akakaa, akatazama chini, akasema yule bwana anayenunua pweza pale pwani amemletea posa ya Atija. Bwana yule ana umri wa baba yake Mwanacha, na ana wake wawili. Akipewa binti, atawapa Mwanacha na wadogo zake Atija vyumba viwili kwenye uwanja wake.

"Nimekubali," akasema.

Zaituni akamuuliza, "Umekubali au umechoka?"

"Kuna tofauti gani?"

"Atija anajua?"

"Yuko shule. Sijui nitamwambiaje."

Mimi hasira zilinipanda, nikataka kusema mengi. Zaituni akanigusa goti, nikanyamaza. Hakumkemea Mwanacha, hakumhubiria. Alimmiminia uji akamwambia asimjibu mtu mpaka Ijumaa.

Asubuhi yake Zaituni alikodi gari, akapakia sufuria zote za kikundi, zile kubwa za pilau na zile za mchuzi, na miiko yake, akazipeleka Kilindoni kwa bwana mmoja aliyekuwa akizitamani siku nyingi. Nilifuatana naye. Zinagongana njia nzima, hatuwezi hata kuzungumza. Sufuria zile zilinunuliwa moja moja, kwa mwani uliokaushwa juani na mikeka iliyosukwa mpaka vidole vikapasuka. Yule bwana wa Kilindoni akazigonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi, akatoa bei ya kutuonea, na Zaituni akaikubali. Hakulia. Mwenye hasira nilikuwa mimi, nikimfikiria mtu ambaye wakati huo huo, mahali fulani, alikuwa anaagiza maji ya chupa ya semina.

Kodi ikalipwa. Zaituni akampa Mwanacha ufunguo wa nyumba, akamwambia, "Sasa wewe ndiye wa kwenda kumjibu."

Mwanacha akaenda peke yake, mchana, pale pwani ambapo yule bwana alikuwa anapima pweza kwenye mizani na watu wamemzunguka. Hakuzunguka maneno. "Binti yangu anasoma," akamwambia. "Posa yako nimeirudisha." Bwana akacheka, akasema maneno ya kumtia unyonge, kwamba mkimbizi hachagui. Mwanacha akasimama pale pale mpaka bwana alipomaliza, kisha akarudi nyumbani. Alipofika, tukampa maji.

Umesikia mpaka hapo? Sasa ndipo wakaja wakubwa wa Gervas kutazama mafanikio. Walikuja na kamera. Mama mmoja, mwenye lugha laini, akaomba Mwanacha asimulie jinsi kijiji chao kilivyochomwa, na ikiwezekana akae karibu na cherehani. Mwanacha akamtazama Zaituni. Zaituni akasema, "Hapana."

"Mama, picha hizi ndizo zinazotupatia fedha za kuwasaidia."

Nikaona umri wangu nao una kazi yake. Nikamuuliza, "Siku uliyofiwa, mwanangu, ulikaribisha mpiga picha?"

Akasema ni utaratibu tu. Wakapiga picha vyerehani, wakaondoka, na awamu ya pili ya fedha haikuja. Baadaye Gervas alimpigia Zaituni kumwambia kwamba kibali cha kuhamisha lile fungu kimepatikana, ila muda wa mradi umekwisha, kwa hiyo fedha zimerudishwa zilikotoka. Nilicheka mpaka nikakohoa, wala hakikuwa kicheko cha furaha.

Waliotuinua ni wanawake wa Mtwara, wenye mfuko wao mdogo wa kusaidia vikundi kama hivi. Kati yao wamo waliowahi kukimbia vita wenyewe. Walipiga simu, wakauliza shida iko wapi, Zaituni akawaambia sufuria. Wakatuma fedha kwa simu wiki ile ile. Baada ya hapo walikuwa wakipiga kila mara, kusalimia na kuuliza mambo yanaendaje, na kama jambo limeharibika Zaituni anawaambia limeharibika, hana haja ya kulipamba. Sufuria hazijafika wingi wa zile za kwanza. Atija yuko kidato cha pili, hapendi hesabu. Mwanacha anatembeza vitambaa nyumba kwa nyumba. Waliojitoa kikundini, baadhi wamerudi, na wawili mpaka leo wakimwona Zaituni wanavuka barabara. Zaituni mwenyewe mgongo unamuuma.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nimeichosha sauti yangu kuwaambia wengine kabla yako. Mradi uliokwisha andikwa uache huko huko ofisini. Njoo mikono mitupu, ukae na waliokuwa wakiifanya kazi hii kabla nyinyi hamjaijua, na watakachokwambia ndicho uende ukakipiganie kwa wakubwa wako. Wape fedha wao wenyewe, na kama hesabu zao hazijakaa sawa, wape na mtu wa kuwafundisha kuziweka, badala ya kuwapitishia kila kitu kwa mwingine. Waachie nafasi ya kugeuza matumizi, maana mwenye nyumba hangoji kikao. Mlipe na Zaituni, kwa sababu naye anakula. Usiwape ya miezi sita ukaondoka. Mwanamke aliyekimbia vita hatengemai kwa miezi sita. Na huzuni yake ni mali yake, akitaka kuisema ataisema, asipotaka, usiifanye bei ya kumlipia kodi ya nyumba. Najua utaambiwa ndio utaratibu. Aliyeuandika ni binadamu, na wewe umesomeshwa ili uweze kumwambia afute.

Mungu akupe riziki ya halali na afya ya kuitumia, akupe na wakubwa wa kazi wanaosikia neno la mdogo wao. Akuepushe kuwa mtu ambaye kina mama wakiona gari lake linaingia kijijini, wanakimbilia ndani kubadilisha nguo na kupanga la kusema. Amin.