Daktari Asiyejulikana Gihosha

Mama yangu aliugua kwa hasira. Moyo wake ulipoanza kurukaruka hakusema anaumwa. Alisema huu moyo hauna adabu, akaupiga kofi juu ya kitenge, akaendelea kupepeta ndagala zake, dagaa wa ziwani. Alivuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, akiwa msichana, akaolewa Bujumbura, akafiwa na mume Bujumbura, akashika meza yake ya ndagala sokoni, na miaka yote hiyo hakuna kiungo chake kilichowahi kumjibu jeuri. Sasa miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Kulala chali ndiko hakuweza kabisa: akijaribu tu, pumzi inakatika, anaamka akikohoa na kutukana. Basi akawa analala amekaa, mgongo kwenye gunia la mchele, na mimi chumba kile kile nikisikiliza kama bado anapumua. Niliogopa sana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sina mume, sina kaka wala dada. Nyumba yetu ya Nyakabiga ilikuwa na mimi na yule mwanamke mkorofi, basi.

Ilikuwa miaka ya vita, na juu ya vita tukawekewa vikwazo vya mipaka, embargo, neno ambalo hata watoto wangu wa darasa la kwanza walilijua kabla ya kujua kuandika majina yao. Madaktari wenye pasipoti waliondoka. Walipoondoka wao, mji ukajaa madaktari. Sijui walichipuka wapi. Kila mtaa ulikuwa na wake, na kwa bahati ya ajabu wote walikuwa mabingwa. Hakuna aliyejishusha kuwa daktari wa kawaida.

Wa kwanza kuja kwetu aliitwa Profesa, hata na mkewe. Alikuwa na koti jeupe na ile mipira ya kusikilizia kifua, ameivaa shingoni. Akachukua ile duara ya mwisho, akaibandika begani kwa mama, juu ya sweta, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama akamwacha amalize. Halafu akamuuliza kwa upole, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya, kama huko alikosomea hawakuwa wanaingiza ile mipira masikioni. Profesa alisema yeye anasikia kwa vidole. Mama akamwonyesha mlango kwa kidole.

Wa pili alikuwa mtume wa kanisa fulani, mtaalamu wa mioyo kwa njia ya maombi. Huyo alifunuliwa kwamba moyo wa mama umevimba kwa chuki dhidi ya mke mwenzake. Mama alikuwa mke mmoja wa mume mmoja, tena mume mwenyewe alikuwa marehemu. Mama alifikiri kidogo, akasema labda baba ameoa huko aliko.

Hapo ndipo nikampeleka dispensari kwa nguvu. Muuguzi mmoja wa kike, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimsikiliza kifua, masikio yakiwa ndani ya mipira, akaniita pembeni. Aliniambia ndani ya moyo kuna milango, na mmoja wa mama haufungi tena. Maji yanapanda mpaka kwenye mapafu. Akimpata daktari wa moyo ataishi, asipompata nisihesabu miezi mingi. Alimjua mmoja tu aliyebaki mjini, mwanaume mwenye miwani, anakaa Gihosha, anapokea wagonjwa nyumbani kwake kwa sababu alikuwa ameshaviziwa mara moja kwenye barabara ya hospitali.

Mimi nilitaka twende siku hiyo hiyo. Mama akasema ng'o. Alikuwa ameshapapaswa na profesa na mtume, hataguswa na mtu wa tatu kabla hajajua ni nani. Nikaenda wizarani kuuliza kama huyo bwana ameandikishwa kweli kuwa daktari wa moyo. Ofisini nilimkuta karani mmoja na viti vingi. Mwenye kujua mambo ya madaktari alikuwa amekimbia. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa msibani. Karani mwenyewe alinihurumia kweli, akaniuliza kama nikimpata huyo daktari nitampelekea jina, maana na yeye kifua kinambana. Nikarudi nyumbani. Wizara mpaka leo haijanijibu.

Mama alinicheka. Akasema mambo ya kumjua mtu hayaulizwi wizarani, yanaulizwa kwa jirani. Na kwetu ndivyo ilivyo. Mtu hamtoi binti yake kabla hajatuma wamama wawili watatu mtaani kwa bwana harusi. Wanajifanya wanauza kitu, wanaweka beseni chini, wanaomba maji ya kunywa, wanauliza. Kwa njia hiyo mama alikuwa ameshanifukuzia wachumba wawili, mmoja kwa kuwa majirani walisema anampiga mbwa wake, mwingine kwa kuwa walimsifu mno. Basi akawaita wenzake wawili wa kwaya, akawajazia beseni la ndagala, akawatuma Gihosha na maswali wanayoyajua kwa moyo. Ni mtoto wa nani? Wanatoka mlima gani? Maana kwetu mlima ndio kijiji cha mtu. Anarudi nyumbani saa ngapi? Anapita njia ipi? Analala hapo kila siku au ana kwingine? Nilikuwepo. Niliyasikia maswali hayo yote, na mimi na elimu yangu nikaona ni sawa.

Wale wamama walirudi jioni wamechoka na ndagala zao zote. Mwanamke anayeuza makaa mbele ya lango la nyumba yenyewe aliwaambia hapa hakuna daktari. Fundi baiskeli alisema ile nyumba haina mtu siku nyingi. Mama mmoja aliyebeba mtoto aliwauliza, kwani Gihosha kuna daktari? Angefurahi kumjua, mtoto ana homa. Hakuna aliyenunua hata ndagala moja.

"Dokta asiyejulikana na jirani," mama alisema, "anatibu nani? Kuku?"

Nikabishana naye. Nikamwambia muuguzi anamjua. Akasema muuguzi anajua mwanaume mwenye miwani, hajui daktari. Nikalia, akaniambia nipunguze chumvi kwenye mboga. Mambo yakaishia hapo, na majuma yakapita.

Aliacha kwenda sokoni. Halafu akaacha kuamka kuja mezani. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya bluu. Lakini kilichonivunja mimi ni siku moja mtoto wa jirani aliporusha mpira ukaangusha sufuria yetu ya maharage, mama akatazama maharage chini, asiseme kitu. Hata neno moja. Nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti.

Sasa, tangu mama aache soko, chumba cha uani tulikuwa tumempangisha mwalimu mwenzangu wa hesabu, kijana mkimya, mlaji sana, asiyemdhuru mtu ila sufuria. Mchana mmoja, yeye akiwa shuleni na mimi nimeomba ruhusa kumuuguza mama, wakaja vijana ambao hatukuwajua. Walikuwa na adabu, na adabu yao ndiyo iliyonitisha. Walimsalimia mama, shikamoo mama, pole na ugonjwa. Kisha wakauliza habari za mwalimu. Ni mtoto wa nani? Wanatoka mlima gani? Anarudi saa ngapi? Anapita njia ipi? Analala hapa kila siku?

Mama alikuwa kitini na gunia lake mgongoni. Aliwatazama kwa macho ya bibi kizee asiyeelewa dunia.

"Mwalimu? Hapa? Apana, wanangu. Hapa tuko mi na binti yangu tu. Huyo mutu simujui."

Mmoja akanyoosha mkono kwenye kamba ya nguo, akauliza ile suruali ni ya nani. Mama akasema ni ya marehemu mume wake, anaifua kila mara kwa kumkumbuka. Baba alikuwa mfupi kama stuli. Suruali ile ilikuwa inagusa majani. Wakaitazama, wakamtazama mama, wakaaga vizuri, wakaenda. Nikatoka kwa njia ya nyuma nikakimbia shuleni, na mwalimu hakurudi kwetu tena. Alikwenda kwa mjomba wake Kibenga bila suruali yake.

Niliporudi nilimkuta mama vile vile, mkono kifuani. Nikadhani ndiyo mwisho.

"Yale maswali," akasema.

"Maswali gani, mama?"

"Ni yetu. Ndiyo yale tulipeleka Gihosha."

Nikakaa chini. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Tulikuwa tumetuma watu kuuliza mwanaume fulani anapita njia gani na saa ngapi, katika mji ambao watu walikuwa wanauawa kwa majibu ya maswali hayo, halafu tukamwita mwongo kwa kuwa majirani hawakujibu.

Mama yeye hakuwa na muda wa aibu. Macho yalikuwa yamerudi kuwa yake.

"Mutu mubaya, majirani wanamuonyesha na kidole," akasema. "Huyu, mutaa muzima umekataa kumujua. Basi ni mutu. Nipe viatu."

Nikamwambia viatu haviingii. Akasema nimpe kandambili na niache ujinga.

Tulipanda Gihosha kwa teksi. Muuza makaa alikuwepo mbele ya lango, mwanamke mpana, kitambaa kichwani, uso umefungwa. Kabla sijafungua mdomo akasema hapa hakuna daktari. Mama alimsogelea polepole, akapumua mpaka akapata pumzi ya kusemea.

"Mama, najua humujui. Na mi ningekuwa we, nisingemujua. Lakini mwambie huyo musiyemujua: wale wamama wa ndagala ni mi niliwatuma. Nilikuwa namuchunguza kama mukwe. Hakuna mutu anamutaka ubaya. Ni mi mugonjwa."

Kisha akakaa juu ya gunia la makaa bila kukaribishwa, akanyoosha mguu, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo. Akaondoa kidole. Shimo likabaki. Yule mwanamke alilitazama lile shimo, akamtazama mama midomo, akafunika makaa yake. Hakwenda kwenye lango la daktari. Aliingia nyumbani kwake mwenyewe.

Alitoka na mwanaume mdogo mwenye miwani, jezi ya mpira, na masizi puani. Daktari wa moyo alikuwa akilala kwenye stoo ya makaa tangu siku ile wamama wa kwaya walipopita na beseni. Niliona alivyotusalimia huku akitazama barabara nyuma yetu. Mama naye aliona, akamwomba radhi, kitu ambacho sikumbuki kuwahi kukisikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo.

Daktari alimpima palepale kwa muuza makaa, kwenye kiti. Alimsikiliza kifuani, mgongoni, shingoni, muda mrefu, akaacha kutazama barabara. Mama akamuuliza kama yeye ni bingwa wa moyo kweli. Daktari akavua miwani. Akasema hapana. Alikuwa anasomea Ulaya, akarudi kumzika baba yake, mambo yakaharibika akiwa huku, akabaki. Mwaka wa mwisho hakuusoma. Asimwite bingwa.

"Wenzako wote walimaliza," mama akasema. "Hata wale hawakuanza. Nitapona?"

"Sijui, mama. Ule mulango wanautengeneza ng'ambo, hapa hatuwezi. Lakini maji nitayatoa. Utalala."

Mama alinigeukia kwa ushindi, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza kuja. Alikuwa amempata daktari mmoja anayesema sijui, na yeye akamwamini huyo.

Vidonge alivyomwandikia vilimfanya akojoe siku kutwa. Alisema daktari amemgeuza bomba la manispaa, tofauti ni kwamba yeye anatoa maji. Viatu vikaingia. Na mchana mmoja baada ya kula alijilaza kwenye mkeka, chali, mikono pembeni, akalala. Nilimtazama nikashindwa kuvumilia, nikamtikisa nione kama yu hai. Matusi niliyoyapata siku hiyo yalinifurahisha mwezi mzima.

Tukawa tunakwenda kwa daktari kila vidonge vikikaribia kwisha. Muuza makaa alikuwa anatupa maji ya kunywa, anamuuliza mama habari za ndagala, anamwita dada. Halafu yakaja majuma ya milio ya risasi upande ule wa juu, na sokoni watu wakasema kuna daktari ameuawa Gihosha. Wengine walisema wawili. Mama hakula. Barabara ilipofunguliwa tulipanda.

Nilijua nitakachosikia, maana siku zile mtu akishakufa hakuna haja tena ya kumficha. Mtaa mzima unamjua: alikuwa mtu mzuri, alitusaidia sana, mama yake anaitwa fulani, wametoka mlima fulani. Lango tulilikuta limevunjwa, limelala uani. Madirisha hayapo. Muuza makaa alikuwa mahali pake. Mama akauliza kama dokta yuko.

Yule mwanamke alitutazama sisi, aliotunywesha maji kwa kikombe chake mwenyewe, kama watu aliowaona leo.

"Dokta gani?"

"Yule wa moyo," mama akasema.

"Hapa hakujawahi kuwa na dokta. Simujui huyo mutu."

Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Mfukoni alikuwa na vidonge vya siku chache, na mji mzima haukuwa na mwingine wa kumwandikia. Alikuwa analia, uso wote unacheka.

"Umesikia?" akaniambia. "Hamujui. Mungu asifiwe, hamujui kabisa."