Behewa Lililoondoka Bila Mkurugenzi

Saa moja na dakika arobaini asubuhi mkuu wa stesheni alinipigia simu: behewa letu limefika kwenye reli ya pembeni, na treni italichukua saa kumi alasiri, liwe limejaa au tupu. Tulikuwa tumelingoja wiki tisa. Katika wiki hizo kampuni yetu ya kuuza mahindi ilibadilisha wakurugenzi watatu. Wa kwanza aliamuru paa la bohari livunjwe ili bohari ipanuliwe. Wa pili alisimamisha ujenzi, paa likiwa limeshavunjwa. Wa tatu hakupata muda wa kuamuru lolote: jana yake jioni makao makuu ya Lubumbashi yalimwachisha kazi kwa ujumbe wa simu. Magunia mia sita na ishirini ya mahindi, yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kabongo, yalikuwa chini ya maturubai, na mvua zilikuwa zimeanza.

Mimi nilikuwa mtunza bohari. Kazi hiyo nilijifundisha kwa kitabu cha uhasibu kilichokosa kurasa za mwisho. Hati ya kusafirisha mzigo ilihitaji sahihi ya mkurugenzi.

Yule aliyefukuzwa nilimkuta ofisini, amevaa koti na tai, muhuri mfukoni. Alikuwa akingoja remise-reprise, makabidhiano ambayo kwetu hakuna mkubwa anayeondoka bila kuyafanya: orodha isomwe, anayetoka na anayeingia watie sahihi, picha ipigwe. Nilimweleza habari ya behewa.

"Papa, minyi siko tena direktere," alisema, akikataa kutia sahihi. "Nikisinye leo, kesho batasema niliiba."

Nilimpigia mrithi wake, aliyekuwa bado Lubumbashi. Alisema hawezi kusaini kwa kuwa hajakabidhiwa, kisha akakataza mtu mwingine yeyote asisaini. Nikamuuliza mahindi yafanywe nini. Akajibu kwamba yangoje.

Wapakiaji walikuwa wamekaa kando ya behewa, mlango wazi. Mmoja wao aliniona narudi mikono mitupu.

"Papa wa depo, direktere wa leo njo nani? Utuambie jina, tumuombee mbele bamufukuze."

Wenzake walicheka hayo maombi ya kabla ya kufukuzwa. Mimi nilitazama magunia, halafu mawingu. Saa tano na robo niliwaambia wapakie. Saa tisa na nusu nilitia sahihi kwa jina langu, nikaandika chini yake: kwa kukosekana mkurugenzi. Mkuu wa stesheni aliisoma hati mara mbili, akaipokea, na saa kumi treni ikalichukua behewa. Kesho yake maji ya mvua yalifika vifundoni ndani ya bohari tupu.

Mkurugenzi mpya alikuja siku tisa baadaye. Mahindi yalikuwa yameshauzwa, yote makavu. Hakuuliza habari zake. Aliuliza ni nani aliyenipa haki ya kusaini, akaamuru theluthi ya mshahara wangu, faranga elfu mia moja na hamsini, ikatwe kila mwezi mpaka itolewe amri nyingine. Wiki ya tano naye akaondolewa. Nikawaandikia barua wawili waliomfuata. Mmoja alijibu kwamba hawezi kufuta asichosaini yeye; mwingine hakukaa vya kutosha kujibu. Hakuna aliyedumu kwenye kile kiti, ila adhabu yangu ilidumu, kwa sababu kuifuta kulihitaji sahihi, na sahihi ndiyo kitu walichokiogopa wote. Nilikatwa miezi minane, hadi nilipoacha kazi: faranga milioni moja na elfu mia mbili.