Zulia Chini ya Mteremko wa Theluji

Wapendwa wa ibada ya Ijumaa pale kanisani Mesaimeer, mmeniuliza sana kwa nini nachechemea. Kusimama mbele yenu kunanichosha, kwa hiyo nimeandika. Shule niliacha darasa la tatu, msinisahihishe.

Zamani nilikuwa mzima. Nilikuwa nimeacha wajukuu watatu Nyeri, na hapa Doha nilipika na kufua katika nyumba moja mtaa wa Abu Hamour. Theluji niliijua ile ya Mlima Kenya tu, ya kutazama kwa mbali.

Mwezi wa nne Madam, mwajiri wangu, akasafiri na binti yake kwenda milima ya Lebanoni, nami nikabeba mizigo. Mzee mwenye nyumba ya wageni alinikuta jikoni. Kiarabu cha jikoni nakielewa. Akaniambia, "Mama, majira haya theluji hudanganya. Asubuhi ni ngumu, tembeeni. Jua likishaipiga inalowa, inaporomoka yote kwa pamoja. Msikae chini ya mteremko."

Nilimsikia. Madam sikumwambia.

Madam aliamka saa tano, kama anavyoamka Doha. Tulifika mlimani baada ya adhuhuri, jua kali, maji yanachuruzika chini ya theluji. Akaonyesha mahali pasipo na upepo, chini ya mteremko. Jangwani ndivyo wanavyofanya: wanajikinga upepo nyuma ya kilima cha mchanga, zulia linatandikwa, chai inamiminwa.

"Tandika hapa," akasema.

Nikatandika, kwa mikono yangu hii.

Wao wakaenda kando kupiga picha. Mimi namimina chai ya karak, naona madonge ya theluji yanabingirika kutoka juu, moja moja. Nikainuka. Nilichelewa. Ilishuka nzito kama zege, ikanishika miguu, na iliposimama ikakaza. Nilizikwa mpaka kifuani. Pumzi ilikuwa haifiki. Mkojo ulinitoka, na hilo ndilo joto pekee nililokuwa nalo.

Madam alinichimba kwa sinia ya chai, kucha zikimkatika. "Mama Wairimu, usilale! Wallahi usilale!" Alilia na kuchimba mpaka wanaume wakaja na sepetu kutoka barabarani.

Mguu wa kulia ulivunjika, vidole vikawa vyeusi. Niliporudishwa Doha daktari akasema, "Vidole viwili tunavitoa. Mguu tutaupigania." Kidonda kilitoa usaha wiki nyingi. Kilinuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Nilichoka. Nikawaambia waukate mguu, niende nyumbani.

Nesi mmoja Mkenya, aliyeniita shosho kama bibi yake, akaleta fremu ya kutembelea. "Shosho, simama."

"Niache nife."

"Utakufa kesho. Leo tunafika mlangoni."

Nikamtukana kwa Kikuyu. Akacheka. "Tusi hilo hata shosho yangu analo. Simama."

Nilifika mlangoni, nikatapika. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa.

Mguu ulibaki. Nilipotoka hospitali nikamwambia Madam maneno ya yule mzee. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikaripia."

"Ningekukaripia," akasema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule nesi, na Madam pia, alichimba. Na wewe mwenye kidonda, simama hata kama unatukana. Nanyi mnaofanya kazi katika nyumba za watu, ukijua hatari, sema. Utakaripiwa, na makaripio yatapita. Mimi nilinyamaza, na sasa kila asubuhi nakijaza kiatu cha kulia pamba ndipo nitoke.