Mizani ya Fundi na Tumbo la Bwana Mdogo

Kwa miaka ishirini na mitatu fundi mizani alijizoeza kutoyaamini macho yake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi ndefu, taa iliyoning'inia kwa waya, na rafu zilizosheheni mizani za wauza nyama, za wauza sukari na za zahanati, kila moja na ugonjwa wake. Mteja akimwambia, "Fundi, hii naona iko sawa," yeye hufungua kisanduku cha mawe ya shaba, akayashika kwa koleo ndogo asiyachafue kwa jasho la vidole, akayapanga sahanini moja moja, kisha akasema, "Wewe unaona. Mawe yanajua." Mtaa mzima ulimwita Mzee Gramu, na jina hilo lilimkaa kama shati lililokatwa kwa kipimo chake.

Ndiyo maana mama mkwe wake, alipolazimika kusafiri majuma mawili kwenda kumuuguza dada yake, hakumkabidhi mtoto wa mbwa kwa binti yake, bali kwa mkwe.

"Huyu binti yangu atamsahau hata kabla sijafika stendi," alisema mlangoni, begi begani. "Wewe baba ni mtu wa vipimo. Nakuachia Bwana Mdogo. Nimkute."

"Utamkuta, mama," fundi akajibu, macho yameelekea kwenye vigae.

"Akilia, mpe maziwa. Mtoto ni mtoto."

Walikuwa wameishi nyumba moja miaka mitatu, tangu mama huyo alipofiwa na mumewe, na maneno yao yote yangeweza kuandikwa nyuma ya bahasha: shikamoo, marahaba, chakula tayari, asante mama. Mama hakuwahi kumtuma mkwewe chochote, hata kumwokotea kijiko. Na katika nyumba ile, kitu pekee mama alichokiita changu kilikuwa yule mtoto wa mbwa wa miezi miwili, wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililokataa kusimama. Neno lile, nimkute, lilimkaa fundi kifuani kama jiwe la kilo tano.

Alilibeba kwa njia aliyoijua. Alileta nyumbani mizani ya duka, akaiweka sawasawa kwa pima maji juu ya meza ya kufulia, akaweka beseni, akamweka Bwana Mdogo ndani ya beseni. Kila jioni, saa ileile, aliandika uzito daftarini. Bwana Mdogo alilia, akapewa maziwa. Akalia tena, akaongezewa. Uzito ukapanda. Mama mkwe alipopiga simu, fundi alisema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Ameongezeka gramu mia moja na themanini, mama."

"Mungu akuzidishie, baba. Nilijua sikukosea."

Siku ile alitembea kwenda kazini kama aliyevishwa nishani.

Mkewe hakuvishwa chochote. Yeye ndiye aliyefua matambara, na matambara yalikuwa na habari nyingine.

"Mzee Gramu," alimwita, mikono ndani ya povu, "huyu anaharisha siku ya tatu leo. Na mbona analala kama amestaafu?"

"Ameshiba."

"Ameshiba nini! Tumbo kama mpira, miguu kama njiti za kiberiti."

"Mizani inasema kilo mbili na gramu mia tisa. Jana ilikuwa mia nane na hamsini."

"Basi mizani ndiyo ije ifue haya matambara. Mimi nimechoka."

Asubuhi ya siku ya sita Bwana Mdogo alitapika, akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia. Fundi alimfunga kwa taulo, akamlaza ndani ya kapu la vifaa, akaenda kwa daktari wa mifugo roho mkononi.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya koti iliyokunjwa hadi viwikoni na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliuliza ameharisha tangu lini. Badala ya kujibu, fundi alitoa daftari.

"Lakini uzito umepanda, daktari. Tazama mwenyewe. Kila siku."

Daktari alisoma ukurasa hadi ukurasa, bila haraka, na kadiri alivyosoma ndivyo fundi alivyozidi kuona haya asiyojua chanzo chake.

"Una mwandiko mzuri sana, baba. Sasa lifunge, unipe mkono." Akavishika vidole vya fundi, akavipitisha taratibu juu ya mgongo wa mtoto wa mbwa. "Unagusa nini?"

"Mifupa."

"Nyama ipo?"

"Haipo."

"Haya, na hapa?" Akavishusha vidole tumboni. Tumbo lilikuwa gumu, limetuna.

"Mizani yako haikukudanganya hata kidogo," daktari alisema. "Imepima kila kilichomo: maziwa yaliyoshindwa kusagika, maji, na minyoo. Wewe ndiye uliyeviandika vyote kwa jina la mbwa."

Daktari alichukua kipimo cha ule ugonjwa wa virusi unaofagia watoto wa mbwa, wakangoja, na jibu likaja kwamba hanao. Hapo ndipo alipompa dawa ya minyoo, akaagiza irudiwe baada ya majuma mawili, kisha akaeleza chakula: kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mfupa, bila chumvi wala kitunguu, wali laini uliopondwa, kiasi cha vijiko viwili vidogo, mara tano kwa siku. Maji ya dawa, kidogokidogo. Na joto.

"Na maziwa?"

"Maziwa ya ng'ombe mwachie ndama. Nani alikuambia umpe?"

Fundi alilirudisha daftari kapuni. "Ni mimi tu, daktari," akasema.

Kabla ya kuondoka alimwonyesha daktari kwamba mizani ya pale mezani ilizidisha gramu thelathini. Aliitengeneza papo hapo, kwa bisibisi ya mfukoni. Hakuwa na njia nyingine ya kusema asante.

Siku mbili zilizofuata uzito ulishuka: kilo mbili na mia saba, kilo mbili na nusu. Kila tarakimu ilimchoma. Simu ilipolia, mkewe alimtazama.

"Mwambie. Mama hali watu."

Akapiga moyo konde. "Mama, nilikosea. Alikuwa akiumwa, mimi nikawa nashangilia. Sasa yuko kwenye dawa."

Mama akauliza: "Na maziwa?"

"Daktari ameyakataza, mama."

Simu ikanyamaza, na fundi hakujua kama imekatika au imekatwa. Kwa siku tatu haikulia tena, na mkewe alipojaribu kupiga, haikupatikana.

Katika siku hizo tatu alifunga karakana mapema, akawa muuguzi. Alichambua kuku nyuzi nyuzi, akaponda wali kwa uma, akalisha kwa ncha ya kidole. Daktari alimfundisha kuinua mdomo kwa kidole gumba, kubonyeza ufizi na kutazama rangi ikirudi. Mwanzoni ufizi ulikuwa kama karatasi iliyolowa, na rangi ilijivuta kurudi. Fundi alitazama, akajiuliza ni mangapi mengine aliyoyaandika kwa furaha kwa sababu tu yaliongezeka. Miaka mitatu ya shikamoo bila ugomvi alikuwa ameihesabu kuwa amani. Huenda nayo ilikuwa tumbo lililojaa maji.

Siku ya nne ya matibabu aliinua mdomo akakuta ufizi wa waridi. Siku ya sita alikwenda naye karakanani, na Bwana Mdogo akaiba ile koleo ya mawe ya shaba, akakimbia nayo uvunguni mwa benchi, akaitia meno. Koleo isiyoguswa na mtu mwingine kwa miaka ishirini na mitatu! Fundi alikaa sakafuni akacheka mpaka mkewe, aliyekuwa amewaletea chakula, akaingia mbio kuona kulikoni.

Mama mkwe alirudi siku aliyoahidi. Bwana Mdogo alimrukia kabla begi halijatua. Akambeba, akampapasa mgongo, akampapasa tumbo.

"Amepungua," alisema.

"Ndiyo, mama. Amepungua, na amepona."

Mama aliliweka sawa lile sikio lililokataa kusimama.

"Nilikata simu ile, baba, lakini si kwa hasira. Niliona haya. Watoto watano nimewalea kwa maziwa, nikajua hakuna wa kunifundisha. Ningemzika kwa mikono yangu, nikidhani namlisha. Asante. Na lile kosa ulilojitwika lilikuwa langu."

"Lilikuwa letu wote wawili, mama."

"Basi lipime, tuligawane sawa kwa sawa."

Ilimchukua fundi pumzi nzima kutambua kwamba mkwe wake amefanya mzaha. Akainua macho kutoka kwenye vigae, akacheka, na akiwa anacheka akamtazama usoni, pengine kwa mara ya kwanza. Mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, ilikuwa imechomoza. Gauni lilikuwa limemlegea mabegani. Majuma mawili ya kumgeuza na kumlisha mgonjwa yalikuwa yameandikwa pale waziwazi, bila mizani.

"Umekuwa ukila kweli, mama?"

"Nimekula vizuri tu."

"Kaa hapa. Leo usiingie jikoni." Akaenda mwenyewe, akafunua sufuria.

Mama aliinua shingo, akanusa. "Kuku wa kuchemsha? Yaani, baba, umeamua kunilisha chakula cha mbwa?"

"Chako nitatia chumvi, mama," fundi alisema kutoka jikoni.