Kitanda cha Mama yake Balozi

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kwanza. Najua hamkai. Mnasoma mmesimama, mguu mmoja mlangoni, simu mkononi, mkingoja mtu awapigie awaambie njooni kazini. Mie nakujua kungoja kwa namna hiyo. Nimeishi nako nyumba moja hapa Temeke, na nusura kuninyang'anye mdogo wangu wa pekee.

Nakumbuka Jumatano moja, enzi za Ujamaa, miaka ile ambayo sabuni ukiisikia ipo dukani unatoka mbio hata kama uji uko jikoni. Nilikuwa nafua kwa maji matupu. Akaingia uani balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nampoto, daftari kwapani. Balozi kuja na daftari si sawa na balozi kuja kusalimia. Nikasimama, mikono inachuruzika maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hamisi yupo?"

Hamisi ndiye huyo mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amekaa barazani na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimefungwa kamba. Kila siku alikuwa akivaa vile tangu amalize shule, miezi mingi sasa, ili barua ya kuitwa ofisini ikifika isimkute hajajiandaa. Mie ndiye niliyempigia pasi lile shati. Kila asubuhi.

"Yupo, huyo hapo," nikasema.

"Anafanya kazi gani?"

"Amemaliza kidato cha nne, mzee."

"Sikuuliza amemaliza nini. Nimeuliza anafanya nini."

Akanieleza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Agizo limeshuka kwamba kila balozi aandike watu wake na kazi zao. Jumatatu lori litapita. Asiyekuwa na kazi mjini atapandishwa, apelekwe kijijini akalime. Kulima si aibu, mwanangu, baba yetu alitoka Lindi akiwa mkulima. Lakini wapi atapelekwa, na kwa nani, hakuna aliyejua. Na Hamisi jembe hajawahi kulishika. Kwa nini hajawahi, nitakwambia.

Kabla sijafikiri, mdomo ukasema wenyewe: "Ni fundi wa vitanda. Kazi ya marehemu baba."

Mzee Nampoto akamgeukia Hamisi, akamtazama mikono. Hamisi akaitia mfukoni.

"Fundi? Kwa vidole hivi vya karani?" Akacheka kidogo puani. "Basi heri. Kitanda cha mama yangu kimekatika kamba, na ni baba yenu huyohuyo aliyekiwamba. Nakileta leo. Jumamosi asubuhi mama atakilalia hapahapa uani. Akilala vizuri, nitaandika fundi. Asipolala, nitaandika ninachokiona."

Akaondoka. Hamisi akanishukia.

"Dada, kwa nini umesema uongo? Ungemwambia nina cheti!"

"Kilete hicho cheti tukilaze kizee juu yake."

Sasa ngoja nikuambie kosa langu, maana uongo ule ulikuwa mdogo. Kosa lilikuwa kubwa na la miaka mingi.

Mama yetu alifariki Hamisi akiwa ananyonya. Mie nilikuwa darasa la pili. Nikatolewa shule nimlee. Nilimbeba mgongoni nikiwatazama wenzangu wakipita na madaftari, na roho yangu ikaapa kwamba shule niliyoikosa mie ataisoma huyu, yangu na yake, zote mbili. Hapo si pabaya. Ubaya ulianza nilipoona kila kazi ya mikono ni mwizi anayekuja kumwiba.

Baba alikuwa akiwamba vitanda vya kamba hapa uani. Fremu ya mbao ina matundu pande zote nne. Unapitisha kamba ya ukindu tundu kwa tundu, unavuta kwa nguvu zako zote, kisha unagonga kigingi kidogo cha mti mgumu kwenye tundu ili kamba isirudi nyuma wakati unakwenda tundu lingine. Hamisi akiwa na miaka minane alipenda sana kukaa pale, akigonga vigingi. Nikawa namwondoa. Siku moja nilimvuta mkono mbele ya wateja.

"Ingia ndani ukasome!"

"Mwache akae," baba akasema. "Hanisumbui."

"Akae awe nani, baba? Awe kama wewe?"

Baba aligeukia fremu yake. Aliingiza kamba kwenye tundu lililofuata, akavuta.

Hata shuleni walipokuwa wakipelekwa shamba la shule, kwa sababu wakati ule mtoto alifundishwa kitabu na jembe pamoja, nilikwenda kwa mwalimu kumwambia mdogo wangu ana kifua. Hakuwa na kifua. Na baba alipofariki, nilivikusanya vigingi vyake vyote, vyeusi kwa jasho lake, nikavitia jikoni nikachemshia chai ya Hamisi siku ya mtihani. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Ndiyo maana Jumatano ile, kitanda cha mama yake balozi kilipoletwa, matendegu juu kama mbuzi aliyekufa, nilikitazama nisijue pa kuanzia. Kigingi hakuna. Fundi hakuna. Kilichokuwepo ni mie. Kwa sababu mie, mtoto wa kike, hakuna aliyenifukuza pale uani. Mie ndiye niliyelowanisha kamba, niliyempa baba ncha, niliyeshikilia upande wa pili. Hakuna aliyeniita fundi, lakini nilikuwa nimeona.

Nikachonga vigingi kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye mchi uliovunjika. Kisha nikaingia chumbani, nikatoa kitanda changu cha ndoa, nikakifungua kamba yote. Hamisi alidhani nimerukwa na akili. Kamba mpya ungeipata wapi siku zile? Na kitanda cha mama yake balozi hatukuweza kukitumia kujifunzia. Ilibidi aharibu changu kwanza.

Jioni mume wangu akarudi kutoka bandarini, amechoka, akaingia chumbani, akatoka.

"Mama Mwajuma, kitanda kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda shule."

Akaitazama ile fremu uani, akamtazama shemeji yake aliyekaa katikati ya kamba kama samaki kwenye wavu. Akaingia ndani kutandika mkeka. Mume wangu hakuwa na maneno mengi, Mungu amrehemu.

Hamisi hakuwa mjinga, usidhani. Alinihesabia matundu, akaniambia kamba itapita mara ngapi kabla hatujaanza, na ilikuwa kweli. Kichwa chake kilifanya kazi. Tatizo lilikuwa kuanzia kwenye bega kushuka. Akivuta, anavuta kwa vidole. Namwambia weka mguu kwenye mbao, vuta kwa mgongo. Anasema ameelewa, halafu anavuta kwa vidole. Kufikia Alhamisi asubuhi malengelenge yalikuwa yamepasuka, na kitanda changu kilikuwa kimelegea katikati hadi kuku alikaa akaona ni kiota.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. Alitupa kamba chini.

"Wewe ndiye uliyenikataza! Leo unanicheka?"

Akavaa shati lake jeupe, akatoka.

Nilikaa pale, nikasimama, nikakaa. Niliosha sufuria lililokuwa safi. Nilikwenda hadi barabarani, nikarudi, kila gari lililonguruma nikidhani lori limewahi kuja. Nilijua nimeambiwa ukweli na mtoto niliyemlea, na ukweli huo haukuwa na pa kuuweka. Je, akienda moja kwa moja? Je, wakimkamata huko mjini na hilo shati?

Alirudi mchana jua likiwa kichwani. Alikuwa amekwenda posta kwa miguu kutazama sanduku la barua.

"Tupu, dada," akasema.

Basi. Akavua shati, akalitundika msumarini, akavua na viatu. Akaketi kifua wazi, akaweka mguu kwenye mbao, na kwa mara ya kwanza nikamwona anavuta kwa mgongo. Nikamwambia, "Hamisi, nilikukosea." Akaniambia, "Nipe ncha." Tukafanya kazi.

Ijumaa tulikianza cha mama yake balozi, kwa kamba ileile ya kitanda changu. Upande wa kichwani niliushika mie, miguuni akaushika yeye, na katikati akapamalizia. Mkono wake ulitoa damu kwenye kamba, tukafuta. Tulimaliza jua linazama, na hatukujua kama ni kitanda au ni mzigo wa kamba.

Jumamosi asubuhi Mzee Nampoto akaja na mama yake. Bibi Somoe aliitwa, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, lakini ulimi wake mtaa mzima uliuogopa. Hakutusalimia kwanza. Alikizunguka kitanda, akakibonyeza hapa na pale, akapanda, akalala chali, akafumba macho. Sie tumesimama kama watu wa msibani. Bibi akalala upande wa kulia. Akalala wa kushoto. Akatulia, pumzi haisikiki, nikadhani amekwenda kabisa.

"Kitanda hiki," akasema macho yamefumbwa, "kimewambwa na watu wawili. Kichwani kuna mwenye hasira, kamba inaniuma. Miguuni kuna mwenye woga, inazama. Ila katikati pazuri. Nani alifanya katikati?"

"Mie, bibi," Hamisi akasema.

"Lete mikono."

Akainuka, akaishika, akayaona yale malengelenge. Kisha akanigeukia mie.

"Na wewe. Nilikuwa nikipita hapa kila siku kwenda kisimani. Nilikuona unavyomkokota huyu mtoto kutoka kwa baba yake. Ulitaka asome. Vizuri. Nani alikwambia mtu akisoma lazima umkate mikono?"

Nililia, mwanangu. Mbele ya balozi na daftari lake.

Mzee Nampoto akakuna kichwa. "Mama, huyu bado si fundi. Anajifunza. Hapa pa kuandika anayejifunza hakuna."

"Nimelala, sikulala?"

"Umelala."

"Basi andika. Na kitanda hakiondoki hapa. Atakifungua akiwambe upya, na upya tena, mpaka miguu yangu isizame. Lori likija likute yuko kazini."

Balozi akaandika.

Jumatatu lori lilipita kweli. Lilimkuta Hamisi uani, mguu kwenye mbao, kamba begani. Mtu mmoja akachungulia, akatazama daftari, akaendelea. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alipanda kijana aliyesoma dawati moja na Hamisi, cheti chake mkononi ndani ya bahasha, akikionyesha kwa kila mtu. Mama yake alinitazama. Nikarudi uani nikamshikia Hamisi ncha. Hata leo lori likipunguza mwendo hapo nje, mie husimama.

Barua ya Hamisi ilikuja, usije ukasema mie naichukia shule. Ilichelewa zaidi ya mwaka, lakini ilikuja, akawa karani, na akafanya kazi yake vizuri. Lakini hakwenda kama mtu aliyeokotwa barazani. Alikwenda akiwa na wateja hadi Vingunguti, na waliomjua mwanzo walimwita fundi mpaka alipostaafu. Siku wakubwa wake walipomtishia kumfukuza kwa sababu hakutaka kusaini jambo la uongo, aliwaambia wafukuze tu. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na pa kurudi. Je, wewe unapo?

Sasa nasaha yangu nitaisema wazi, nisije nikalaumiwa kwamba nilizungukazunguka. Soma. Soma hadi mwisho wa kusoma ukipaona. Lakini kabla hujamaliza, uwe na jambo moja ambalo mtu asiyekujua anaweza kukuletea uani, ukamtengenezea, akaondoka ameridhika, bila kuuliza ulipata daraja gani. Kushona, kufunga nyaya za umeme, kuoka, kujenga, kurekebisha hizo simu mnazozikodolea. Sijali ni lipi. Na ujifunze sasa, ukiwa bado unaruhusiwa kukosea, si siku chache kabla lori halijafika. Na wewe mzazi unayemfukuza mtoto jikoni na kwenye karakana kwa jina la masomo, mie nilishakutangulia huko, rudi.

Na lile la kumdanganya balozi nililifanya mie, usilifanye wewe. Uongo ule ulitufaa kwa sababu tulitoka jasho mpaka ukawa si uongo. Wengi hawapati hizo siku tatu.

Mungu awape afya ya mikono na utulivu wa roho, ambao mie sijaupata bado. Awape walimu wenye ulimi kama wa Bibi Somoe, na masikio ya kuwasikia.

Wajukuu wangu wa nyumba hii wanaijua amri yangu, nami naiandika hapa wasije wakasema hawakuambiwa. Kila mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, kila mmoja aniletee hapa uani kitu alichokitengeneza mwenyewe. Asiye na kitu atalala chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha babu yake. Atakikuta kimefunguliwa, kamba nimeshailoweka, na vigingi viko kwenye kikombe juu ya dirisha.