Kiwanja cha Mwenyekiti

Zuhra Salmini alipomaliza chuo, baba yake aliwatangazia majirani wa Mkomaindo kwamba binti sasa ni injinia. Walipouliza injinia wa nini, akakohoa. Kusomea udongo miaka yote ile, katika nchi ambayo kila mtu ana jembe, si jambo jepesi kulieleza.

"Anaipima ardhi kabla haijabebeshwa mzigo," mama mtu akamwokoa. "Ikiwa haiwezi, anawaambia wajenzi mapema."

Kuwaambia ndiko kugumu kuliko hesabu zote.

Alipelekwa Newala kupima kiwanja cha tangi la maji la kijiji. Mashine ya kuchoronga ilipoanza kunguruma, kina mama walikuja na ndoo wakazipanga foleni. Kule juu mlimani, maji ni ya kungojea mvua au kununua. Anayechimba kwa mashine hawezi kuwa anatafuta kingine.

"Natafuta udongo, mama zangu," Zuhra akasema.

Mama Faidha, aliyekuwa mbele ya foleni, akaitazama miguu ya Zuhra iliyojaa vumbi. "Udongo? Ungepiga simu, mwanangu, tukakuletea."

Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mwenyekiti, Mzee Benedikto, aliyekichagua mwenyewe. Vipimo vilionyesha udongo wa kichanga chekundu ambacho kikiwa kikavu ni kigumu kama saruji, kikilowa kinabonyea. Tangi likivuja kidogo tu, lingelala. Ama Zuhra amkatalie mzee mbele ya watu wake, ama atie sahihi kisha wote waishi chini ya tangi linaloinama.

"Shikamoo, mwenyekiti. Hapa hapafai."

"Marahaba. Nimezaliwa hapa, na sijazama bado."

Zuhra akapanga matofali juu ya kichanga. Yakatulia. Mzee akacheka. Ndipo Zuhra akaomba ndoo ya maji.

"Jamani! Mchimba maji anaomba maji!" Mama Faidha akang'aka. Hata hivyo aliyaleta. Kumwona mwenyekiti akishindwa kulistahili ndoo nzima.

Maji yakanyonywa. Matofali yakazama polepole, yakainama kama mlevi anayetafuta mkeka. Vigelegele vikapigwa.

Benedikto peke yake hakuwa akiyatazama matofali. Alikuwa akiutazama ukuta wa nyumba yake.

"Tangi hamisheni," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini, injinia, maji ya bafuni kwangu yanamwagikia nyuma ya chumba cha kulala."

"Tangu lini, mzee?"

Mzee alikwisha kumwita mkewe washike kitanda wakihamishe, yeye miguuni, mama kichwani.